Somo la Kikundi: Maumivu ya Tumbo la Chini Yasiyoisha na Mzigo wa Mawazo



Mara hii tunasoma juu ya jambo ambalo akina mama hulisema kwa sauti ya chini, na akina baba wengi hawalisemi kabisa. Ni maumivu ya tumbo la chini, kutoka kitovuni kushuka hadi kinenani na kwenye nyonga, ambayo hayataki kuisha. Hatusemi juu ya maumivu ya siku mbili za mwezi ambayo huja na kupita. Tunasema juu ya yale yanayokaa miezi 6 au zaidi. Leo yamepungua, kesho yamerudi, mpaka mama hawezi kuinama shambani, hawezi kubeba maji, na usiku anageuka upande huu na upande ule huku mzee akikoroma.

Tumelichagua somo hili kwa sababu maumivu haya yanakula pesa na yanavunja nyumba. Njia yake ni ile ile mahali pengi. Mama anaenda dispensari, anaambiwa ana ambukizo, anapewa dawa. Wiki mbili anapata nafuu, halafu maumivu yanarudi. Anaenda duka la dawa pale sokoni, ananunua vidonge vya kuua vijidudu bila kupimwa. Mwisho anakopa kwa kikundi, anaenda hospitali kubwa, anapigwa picha ya tumbo. Daktari anatazama, anamwambia, "Mama, hatuoni kitu. Ni mawazo tu." Sasa anarudi nyumbani na maumivu yale yale, na aibu juu yake. Mume aliyeuza mbuzi anasikia kwamba hakuna kitu, anaanza kujiuliza kama mke anamdanganya. Majirani nao wana lao: amerogwa, au ni mvivu, au alitoa mimba.

Neno kubwa la somo hili ni hili: maumivu hayo ni ya kweli, na mawazo nayo ni ya kweli, na viwili hivi vinashikana. Anayesema "ni mawazo tu" amekosea katika lile neno "tu".

KWANZA APIMWE

Kabla hatujafika kwenye mawazo, tuseme wazi kwamba kuna magonjwa mengi yanayoleta maumivu ya tumbo la chini, na mengine hayaonekani haraka. Kuna ambukizo la via vya uzazi linalotokana na kisonono au klamidia ambazo hazikutibiwa vizuri, au zilitibiwa kwa mke peke yake na mume akaachwa. Kuna uvimbe wa kizazi. Kuna makovu ya ndani baada ya upasuaji. Kuna ugonjwa unaoitwa endometriosi, ambapo nyama inayofanana na utando wa ndani wa kizazi inaota nje ya kizazi, nayo huuma sana wakati wa mwezi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwanamke 1 kati ya 10 wa umri wa kuzaa anao, na wengi hukaa miaka mingi kabla haujatambuliwa. Picha ya kawaida ya tumbo inaweza kuupita bila kuuona.

Kwa wenzetu wa Pwani, Kwale, Kilifi na Tana River, tunaongeza kichocho. Wengi tunakijua kwa mkojo wa damu wa watoto wanaooga mtoni, lakini mayai ya mdudu huyo hukwama pia kwenye via vya uzazi vya mwanamke na kuleta maumivu, kutokwa na uchafu na hata damu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba wanawake na wasichana wapatao milioni 56 wana hali hiyo, karibu wote Afrika. Mara nyingi hudhaniwa ni ugonjwa wa zinaa, na mama wa watu anaitwa malaya wakati alichofanya ni kufua nguo mtoni.

Na kuna dalili ambazo hazingojei mkutano wa kikundi. Maumivu makali ya ghafla kwa mama aliyekosa mwezi wake, hata kama hajui kama ana mimba: huenda mimba imeshika nje ya kizazi, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Maumivu pamoja na homa na uchafu unaonuka. Damu baada ya tendo la ndoa, au damu kwa mama aliyekwisha koma hedhi. Kukonda bila sababu. Tumbo kuvimba. Mama wa namna hiyo asiambiwe apumzike wala apunguze mawazo. Apelekwe.

MAWAZO YANAFIKAJE TUMBONI?

Kila mtu ameona jinsi mwili unavyoshtuka. Ukikanyaga kijiti gizani ukadhani ni nyoka, moyo unaenda mbio, mabega yanapanda, tumbo linakaza, pumzi inakuwa fupi. Hukuamua kufanya hayo. Mwili umejifanyia wenyewe, kwa vitu kama adrenalini vinavyomwagwa kwenye damu. Ukiona kumbe ni kijiti, baada ya muda mfupi yote yanatulia.

Lakini kuna mashaka ambayo hayageuki kuwa kijiti. Karo haijalipwa na mtoto amerudishwa nyumbani. Mume yuko mjini na simu haishikwi. Mvua imekosa msimu wa pili. Mama amezika mtoto, na watu walimwambia anyamaze kwa sababu atapata mwingine. Hayo hayapiti kwa dakika tano, basi mwili unabaki umekaza kama mtu anayengojea pigo.

Mahali pamoja panapokaza ni misuli ya chini kabisa ya nyonga. Fikirini kitanda cha kamba. Ndani ya nyonga kuna misuli iliyotandazwa hivyo, kutoka mfupa wa mbele hadi mfupa wa mkia. Imebeba kibofu, kizazi na utumbo, na ndiyo tunayoibana tukizuia mkojo. Wengi hatujui kwamba huwa tunaibana hata bila kukusudia. Huko Uholanzi watafiti waliwaonyesha wanawake filamu fupi huku wakiipima misuli hiyo. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001, filamu ya kutisha ilipoonyeshwa, misuli ya nyonga ilikaza pamoja na ile ya mabega. Hata wanawake ambao hawakuwa na shida yoyote ya nyonga walikaza.

Sasa, mtu akibeba ndoo kwa mkono mmoja tangu mtoni bila kupumzika, mkono utauma hata kama mfupa haukuvunjika. Ukiupiga picha mkono huo huoni kitu. Ndivyo ilivyo na misuli ya nyonga iliyokaza miezi na miaka. Picha ya tumbo haionyeshi misuli iliyochoka. Daktari au mkunga anayejua kazi yake huipata kwa kidole, akibonyeza polepole na kuuliza, "Ni hapa?"

Njia ya pili ni ya mishipa ya fahamu. Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza kwamba habari ya maumivu haipandi kutoka kwenye kidonda hadi ubongoni moja kwa moja kama maji kwenye mfereji. Katika uti wa mgongo kuna kitu kama lango, na ubongo wenyewe unaweza kulifungua zaidi au kulifunga kidogo. Maelezo yao yamerekebishwa mara nyingi tangu hapo, lakini wazo lenyewe limesimama. Hofu, huzuni na kukosa usingizi hulifungua lango. Utulivu na mtu wa kukusikiliza hulifunga kidogo. Ndiyo maana mama anaweza kucheka kwenye harusi mchana kutwa, na usiku akiwa peke yake akalia. Majirani husema anajifanya. Hajifanyi.

Maumivu yakikaa sana, mishipa yenyewe hubadilika. Boma likiibiwa mara moja, mbwa wa hapo hubweka hata jani likianguka. Anabweka kwa mbuzi, anabweka kwa mtoto wa nyumbani. Mbwa hasemi uongo, amekuwa mwoga tu. Mishipa ya fahamu nayo huweza kuwa hivyo: ambukizo limekwisha kutibiwa, lakini mishipa inaendelea kubweka kwa kitu kidogo, kama kibofu kujaa, choo kigumu, au mume kumkaribia. Na kwa kuwa kibofu, utumbo na kizazi vinatumia mishipa ya jirani, mama hashindwi tu kueleza pa kuanzia, kweli hajui kinachouma ni kipi.

Halafu duara linafungwa. Maumivu yanaleta mawazo. Mama halali vizuri. Tendo la ndoa linauma, anakwepa, mume anakasirika au anatafuta kwingine. Kazi ya shamba inamshinda, chakula kinapungua. Mashaka hayo mapya yanakaza misuli zaidi. Mtu akiuliza kilichotangulia ni maumivu au mawazo, kwa wengi hakuna ajuaye tena, na kwa kweli kubishana juu ya hilo hakumsaidii mgonjwa.

YALE YALIYOFICHWA

Hapa tunaomba kiongozi wa kikundi asome polepole.

Mwaka 2006 watafiti wakiongozwa na Pallavi Latthe walichapisha kazi iliyokusanya uchunguzi mwingi wa nchi mbalimbali, wakitazama ni mambo gani huambatana na maumivu haya. Kwenye orodha yao kulikuwa na ambukizo la via vya uzazi, upasuaji wa kuzaa, mimba kuharibika na damu nyingi ya mwezi. Pamoja nayo kulikuwa na kudhulumiwa utotoni, kulazimishwa kimwili, wasiwasi na huzuni nzito. Oneni jinsi mambo ya mwili na mambo ya moyo yalivyokaa katika orodha moja.

Hatuko mbali na mambo hayo. Katika uchunguzi wa kitaifa wa afya ya jamii Kenya wa mwaka 2022, wanawake 34 kati ya 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walisema wamewahi kupigwa au kuumizwa kimwili tangu wafike miaka 15, na 13 kati ya 100 walisema wamewahi kudhulumiwa kingono. Wale waliokeketwa walikuwa 15 kati ya 100. Ukeketaji huacha makovu yanayouma, na pia huacha kumbukumbu. Mwili uliwahi kushikwa kwa nguvu na watu uliowaamini. Sheria iliupiga marufuku mwaka 2011, lakini mama aliyekeketwa mwaka 1985 bado anautembeza mwili ule ule.

Haina maana kwamba kila mama mwenye maumivu aliwahi kuumizwa. Wengi hawakuumizwa, na tusianze kumtazama jirani na kukisia. Maana yake ni kwamba mama aliyeumizwa asishangae mwili ukikumbuka, na anayemtibu anapaswa kuuliza kwa upole, faraghani, bila mume wala mama mkwe mlangoni. Na kama bado anapigwa mpaka leo, mazoezi ya kupumua hayatoshi. Anahitaji kwanza usalama. Simu ya 1195 hupigwa bila malipo popote Kenya kwa ajili ya dhuluma za namna hii, na vituo vingi vya polisi vina dawati la jinsia.

VITIBIWE PAMOJA

Kuna jaribio moja la mjini Leiden, Uholanzi, ambalo tunapenda kulieleza kwa sababu ni rahisi kuelewa. Matokeo yake yalitoka mwaka 1991. Wanawake 106 wenye maumivu haya waligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Kundi la kwanza walitibiwa kwa desturi: kutafutwa kwanza ugonjwa wa ndani, kamera ndogo ikiingizwa tumboni kupitia tundu dogo, na mambo ya moyo yakiachwa hadi mwisho kama hakuna kilichopatikana. Kundi la pili, tangu siku ya kwanza, waliangaliwa mwili, mawazo, chakula, maisha ya nyumbani na misuli, vyote kwa uzito sawa. Hao wa kundi la pili ndio waliopata nafuu zaidi.

Somo kwetu ni kwamba mama asingoje kuambiwa "hatuoni kitu" ndipo aulizwe habari za moyo wake. Akiulizwa mwishoni husikia kama anaitwa mwongo. Akiulizwa mwanzoni ni sehemu ya matibabu kama kupimwa mkojo.

Tena tunawaomba akina mama wasikubali haraka kutolewa kizazi kwa sababu ya maumivu peke yake. Kuna magonjwa ambayo upasuaji huo ni dawa yake. Lakini kama kinachouma ni misuli au mishipa, kizazi kitatoka na maumivu yatabaki. Ulizeni daktari: ni ugonjwa gani umeuona, na kama ndio huo unaoleta maumivu? Ana wajibu wa kujibu. Vile vile, vidonge vya kuua vijidudu vinavyonunuliwa mara tano bila kupimwa havisaidii misuli, na vinafundisha vijidudu kutoisikia dawa.

Kuna mambo ya kufanya nyumbani. La kwanza ni daftari. Kila jioni mama aandike, au mtoto wa shule amwandikie, siku ya mwezi, maumivu ni kidogo, wastani au makali, alilala vipi, na siku ile kulikuwa na nini. Baada ya miezi miwili daftari hilo litamwambia daktari mengi kuliko maneno ya haraka kwenye foleni. Anaweza kuona maumivu yanakuja na hedhi tu, au yanakuja kila mume akirudi kutoka mjini.

La pili ni kulegeza ile misuli. Lala chali kwenye mkeka, magoti yakiwa juu, mkono mmoja tumboni. Vuta pumzi kwa pua mpaka tumbo liinue mkono, ukihesabu hadi 4. Itoe polepole ukihesabu hadi 6, na unapoitoa acha huko chini kulegee, kama vile mtu anapoanza kwenda haja ndogo. Usisukume, acha tu. Fanya dakika 5 hadi 10, asubuhi na kabla ya kulala. Siku za kwanza utaona ni mchezo wa watoto. Endelea wiki kadhaa. Chupa ya maji moto iliyofungwa kwa leso ikiwekwa tumboni inasaidia pia, na kutembea kila siku kunasaidia. Mwenye nafasi ya kufika hospitali ya kaunti aulize kama kuna mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayejua misuli ya nyonga. Si wengi, lakini wapo.

KIKUNDI KINA SEHEMU GANI?

Tunajua wengine watasema, sisi ni kikundi cha kuku na mbuzi, mambo ya moyo tutayaweza wapi? Tazameni Zimbabwe. Tangu mwaka 2006, daktari wa akili aitwaye Dixon Chibanda na wenzake walianza kuwafundisha akina nyanya wa mitaa ya Harare kukaa kwenye benchi karibu na kliniki na kuwasikiliza watu wenye ugonjwa ambao Washona huuita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Nyanya hatoi dawa. Anasikiliza, anamsaidia mtu kuchagua shida moja kati ya zote, na kupanga hatua moja ya kuitatua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba watu hao walipata nafuu kubwa kuliko waliohudumiwa kwa kawaida. Na hapa kwetu, pembezoni mwa Nairobi, wahudumu wa afya wa mitaa walifundishwa njia inayofanana nayo, ya vikao 5, wakaitumia kwa wanawake waliowahi kudhulumiwa. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba msongo wao wa mawazo ulipungua. Majaribio hayo yalipima mawazo, hayakupima maumivu ya nyonga. Lakini mmekwisha kuona jinsi viwili hivyo vinavyoshikana.

Kwa hiyo kikundi kinaweza kuchagua akina mama wawili wenye subira na mdomo mzito, ambao mwenzao anaweza kwenda kwao. Mdomo mzito ni sharti. Siri ikitoka mara moja, hakuna atakayekuja tena mwaka huo.

Na sasa neno gumu kidogo. Saa zingine kikundi chenyewe ndicho kinachowatia watu mawazo. Mama amekosa mchango wa wiki mbili, basi wenzake wanakwenda kwake mchana kweupe, wanachukua sufuria, godoro, hata kuku wanaotaga, na watoto wanatazama. Tunaelewa kwamba mkopo lazima ulipwe, la sivyo kikundi kinakufa. Lakini kama kuna mtu anashindwa kulala kila Jumanne kwa sababu Jumatano ni mkutano, kanuni zetu zinahitaji kuangaliwa. Mfuko mdogo wa ugonjwa, hata wa shilingi 20 kwa kila mtu, na ruhusa ya kuahirisha malipo mwezi mmoja mtu akiugua, vinaweza kufanya kazi ambayo vidonge havikuifanya.

Akina baba nao wako ndani ya somo hili. Mume akienda kliniki na mkewe, akamsikia daktari mwenyewe, ugomvi mwingi unaisha. Akipimwa naye pale inapobidi, dawa inafanya kazi. Na akikubali kungoja tendo la ndoa mpaka misuli ipone, bila kununa, amesaidia kuliko anavyofikiri.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chetu, mama mwenye maumivu ya tumbo la chini huambiwa nini na watu? Maneno hayo yanamsaidia au yanamwongezea mzigo?

2. Ni kanuni gani ya kikundi chetu inayowatia wanachama hofu zaidi? Tunaweza kuibadilisha namna gani bila kupoteza pesa?

3. Kutoka hapa tulipo, mama anaweza kupimwa kwa ukamilifu wapi, nauli ni kiasi gani, na nani anaweza kumsindikiza?

Kwa kiongozi: swali la kwanza lijadiliwe kwa ujumla, bila kutaja mtu. Asilazimishwe yeyote kueleza habari zake mbele ya wote. Akina mama na akina baba wakitaka kukaa mbalimbali kwa swali hilo, waruhusiwe. Baada ya mkutano usiondoke haraka. Kaa pale nusu saa ukikunja mikeka, maana mwenye neno mara nyingi huja wakati wengine wamekwenda.